Taa Nyekundu ya Maternite

Wanaume wa Kibua wana ugonjwa mmoja: wakiona waya, wanachomeka telefone. Maternite yetu ilipopata paneli ya jua na betri, chumba cha kuzalia kiligeuka kituo cha kushaji. Mchungaji alileta telefone, mwalimu alileta telefone, wachimbaji waliokuwa wakipita kwenda msituni walileta telefone na redio zao, wakaketi mlangoni kusimulia mpira kana kwamba ndani hakuna mtu anayelia. Jua likizama, betri imekauka. Mwanamke yuko kitandani na uchungu wake, na Mama Joséphine-Marie, mkunga wetu, anamzalisha huku ameuma tochi kwa meno.

Mume wangu Kabera alikuwa fundi wa redio. Siku moja alimwona Mama Joséphine-Marie akitoka na damu mpaka kwenye viwiko, akiwatukana wote waliokaa mlangoni, na Kabera mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alichomoa telefone yake akarudi nyumbani. Kesho yake alikata kopo la maziwa ya unga, akaunganisha ndani yake vitu alivyovitoa kwenye redio mbovu, na juu akatoboa tundu la taa nyekundu, ndogo kama punje ya muhindi.

Mimi nilikuwa namenya mihogo, nikamuuliza inafanyaje kazi. Kabera hakuwa na haraka akiulizwa. Aliniambia umeme unatoka upande mmoja wa betri, unapita kwenye kazi yake, unarudi upande wa pili. Ukikata njia hiyo mahali popote, hata kwa upana wa unywele, kila kitu kinasimama. Kisha akanionyesha transista mbili zenye miguu mitatu mitatu.

"Hizi ziko kama banamuke mbili wanatwanga sombe mu kinu moja," alisema. "Huyu akiinua, mwenzake anashusha. Haziwezi kushusha pamoja. Njo maana taa inawaka, inazima, inawaka."

Alikuwa ameifunga hivi kwamba betri ikiwa na nguvu, taa inalala. Betri ikishuka, inaanza kukonyeza. Maana yake ni moja tu: chomoeni telefone zenu, kuna mtu anazaa. Basi. Hakuna zaidi ya hapo ndani ya kopo lile, na ninataka mjue hivyo kabla sijaendelea, kwa sababu watu wamekufa kwa kutokujua hivyo.

Kiongozi wa vijana wenye bunduki kwetu alikuwa Esdras, mtoto wa baba yangu mdogo. Walisema wanatulinda, na kwa ulinzi huo walikula mbuzi zetu. Siku moja Esdras alikuja maternite kushaji redio yake ya mkononi, ile tunayoiita talkie. Alikuwa hajakaa vizuri, taa ya Kabera ukutani ikaanza kukonyeza. Mama Joséphine-Marie akatoka, akaichomoa talkie ya komanda mbele ya kila mtu, akamwekea mikononi.

"Komanda, toka. Kuko mutu anazaa."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Esdras aliitazama ile taa kwa muda mrefu, akaondoka.

Baada ya siku chache droni ilikuja. Kwetu zilikuwa zimeanza kupita tangu vita ilipopanda kutoka Masisi. Nani anazituma, kila mtu ana jibu lake. Hiyo ilipiga vijana wa Esdras kwenye daraja la miti. Tuliokota vipande vyao mtoni kwa vikapu vya kuvulia samaki. Mdogo wake Esdras, wa tumbo moja, alikuwa kati yao, na Esdras alimtambua kwa kiatu.

Alikaa na uchungu huo, akatafuta mtu wa kumbebesha. Akaikumbuka taa.

Walikuja kwetu adhuhuri. Msaidizi wa Esdras, jina lake Prince, aliingia kwanza, akamshika Kabera kwenye shingo ya shati akamburuta mpaka uani. Mwingine alikuwa ameshika lile kopo la maziwa, wamelinyofoa ukutani maternite, waya zinaning'inia. Walimpiga mateke mbavuni kabla ya kumuuliza neno. Niliwarukia. Mmoja alinisukuma nikaangukia kwenye mihogo yangu.

"Hii jicho iliniona," Esdras alisema. "Niliweka talkie yangu pale, ikaanza kunikonyeza. Kisha droni ikaua ndugu yangu. Nani aliiambia fasi tuko?"

"Komanda, hii iko taa tu," Kabera alisema. Mdomo ulikuwa umepasuka. "Haina antene. Haina masikio, haina kinywa. Inajua kitu moja: betri iko chini."

"Njo vile mupelelezi anasemaka."

Prince alivuta mkono wa kuume wa Kabera, akaulaza juu ya jiwe langu la kusagia, akaupiga kwa kitako cha bunduki. Akaupiga tena. Nilisikia vidole vikivunjika, vile vidole vilivyokuwa vinashika waya mwembamba kuliko unywele bila kutetemeka. Kabera alilia kwa Kinyarwanda, lugha ya mama yake, na hilo likawa kosa jingine. Walimpiga kwa sababu ya lugha aliyolilia.

"Kaka Esdras!" nilipiga kelele. "Mimi njo niliibeba hii kopo mpaka ku maternite. Unipige mimi!"

"Wewe uko damu yetu, Falone. Huyu alitoka Masisi, hatujui nani alimutuma."

"Mapendo yangu njo ilimutuma huku!"

Hawakucheka. Esdras alichuchumaa mbele ya mume wangu, akasema itapimwa. Mtu atakaa na taa katikati ya uwanja wa mpira mpaka jua lizame. Droni ikija, ukweli umejulikana, na mtu huyo akibaki hai atapigwa risasi. Isipokuja, kila mtu arudi kwake. Hivyo ndivyo babu zetu walivyompima mtu aliyeshukiwa uchawi: walimfunga shingoni kile kitu cha uchawi wake, akakaa nacho peupe. Babu zetu walikuwa na vibuyu. Esdras alikuwa na kopo la maziwa.

Walitaka kumfunga Kabera, lakini hakuweza kukaa wima. Niliokota kopo mwenyewe. Walileta betri kuukuu ya pikipiki, iliyochoka, ili taa ikonyeze vizuri. Nilimuuliza Kabera waya zinakwenda wapi, akanionyesha kwa kidevu.

"Nyekundu ku nyekundu. Nyeusi ku nyeusi. Falone, usiende."

"Si uliniambia haiite droni?"

"Haiite."

"Basi niko nakwenda kukaa na taa."

Nilifunga waya, nikalitundika kopo shingoni. Taa ikaanza kukonyeza kifuani pangu, na vijana wote wakarudi nyuma, wanaume wazima wenye risasi mabegani wakiikimbia punje ya muhindi. Ningeweza kucheka kama mkono wa mume wangu usingekuwa vile. Esdras alimkamata Kabera.

"Huyu anabaki na miye. Droni ikikuja, yeye njo wa kwanza kufa."

Nilikwenda nikaketi katikati ya uwanja, betri nimeifunga kiunoni kwa kitenge. Wao walijipanga chini ya baraza la depo ya zamani ya kahawa, upande wa barabara, Kabera amefungwa kwenye nguzo miguuni pa Esdras. Watu wa kijiji walisimama mbali, kwenye migomba.

Kisha Esdras akaanza kuzungumza kwenye talkie yake. Alizungumza na kila mtu. Aliita vijana walioko juu ya mlima, akaita walioko barabara ya Walikale, akawaambia waje kuona mpelelezi aliyekamatwa, na waliomjibu walimjibu kwa kelele. Walianza kufika na pikipiki, wakajazana barazani. Sauti ya ile redio ilinifikia mpaka nilipokaa.

Kabera aliinua kichwa. Nilimsikia, kwa sababu alipaza sauti kwa nguvu aliyobakiwa nayo.

"Komanda! Kama unaogopa droni, zima hiyo talkie! Taa inawaka tu, mwangaza yake haifike hata ku barabara. Talkie inatupa sauti mu upepo, na mwenye kusikiliza kule juu anajua inatoka wapi. Zima, nakuomba!"

"Munasikia?" Esdras aliwageukia vijana wake. "Anataka tukuwe viziwi ili watuingilie."

Prince alimpiga Kabera buti mdomoni. Niliona kichwa kinagonga nguzo.

Nami nikapiga kelele kutoka uwanjani. "Kaka, zima! Ao mutawanyike! Musijazane fasi moja!" Esdras alinipungia mkono kama mtu anayefukuza kuku, akaendelea kuongea. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nilitaka kusimama, kijana mmoja akanielekezea bunduki, nikaketi. Hasira niliyokuwa nayo wakati ule sijawahi kuipata tena, na Mungu anisaidie nisiipate. Mume wangu alikuwa anawaambia ukweli wa kuwaokoa wao, na wao walikuwa wanamvunja meno kwa ajili yake.

Droni ilikuja na mlio kama wa pikipiki iliyo nyuma ya mlima, inayokuja na haifiki. Watu wa migomba walilala chini. Vijana barazani walitazama juu, kisha wote wakanitazama mimi. Esdras aliinua bastola akaielekeza kwenye kichwa cha Kabera, na talkie ilikuwa bado inaongea kwenye mkono wake mwingine.

Sikusikia mlipuko. Ardhi ilinirusha, na nilipofungua macho nilikuwa nimelala kifudifudi na mdomo umejaa udongo. Depo haikuwapo. Bati moja lilikuwa linashuka kutoka juu, polepole, likaanguka kwenye goli. Mguu wenye buti ulikuwa karibu nami, peke yake. Mtu mmoja alikuwa anatembea huku ameshika matumbo yake, anaomba maji, akakaa chini akaacha kuomba. Esdras nilimtambua kwa pete. Kifuani pangu taa ilikuwa inawaka, inazima, inawaka.

Nilimkuta Kabera chini ya nguzo. Nguzo ilimlinda kichwa, haikulinda kitu kingine. Nilipopiga magoti, mwangaza mwekundu ulimpita usoni, akaufuata kwa macho.

"Inaendelea kuwaka?"

"Inaendelea."

"Basi betri iko chini," alisema. Akasubiri kidogo, kama anayesikiliza kama nimeelewa, akafa.

Nilimlaza. Nilipoinuka, Prince alikuwa amesimama mbele yangu, sikio moja halipo, damu inamtiririkia shingoni, na bunduki imenielekea. Nyuma yake walikuwapo wengine waliopona. Juu, ule mlio ulikuwa bado unazunguka. Prince aliitazama taa, akarudi nyuma hatua moja.

"Zima hiyo kitu," alisema. "Zima, dada. Nakuomba."

Mtu aliyevunja vidole vya mume wangu alikuwa ananiita dada. Ningeweza kuvuta waya mmoja na kumwambia, ona, ni taa. Kabera angefanya hivyo. Mimi siyo Kabera.

"Weka bunduki chini," nilimwambia. "Hii taa iko inaita droni. Na miye njo naiambia imuitie nani."

Waliweka. Wote. Niliwaambia wambebe mume wangu, wakambeba. Niliwapeleka nyuma ya migomba ya babu yangu, penye makaburi ya ukoo wetu. Kwetu mgeni hazikwi pale, hata awe mkwe mwenye watoto kumi. Mgeni anachimbiwa kando ya barabara. Wazee walitoka, wakafungua midomo, wakaiona taa, wakafunga. Prince na vijana wake walichimba kwa jembe na kwa mikono, damu yao ikidondoka kwenye udongo, na Kabera akalala kati ya babu yangu na shangazi yangu kabla hata kipande kimoja cha Esdras hakijafunikwa. Nilisimama juu yao na lile kopo mpaka walipomaliza. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi.

Kwa muda baada ya siku hiyo hakuna mwenye bunduki aliyekanyaga Kibua. Niliitundika taa juu ya mlango wangu bila betri, bila kitu, waya zimekatwa, na hakuna aliyethubutu kusogea kuangalia. Mbuzi walirudi kuzaana. Wazee walinisalimia kwa kuinama. Watu waliniletea mafuta ya mawese na nyama ya msituni, wakaviacha mbali na mlango.

Lakini wanawake waliacha kwenda maternite. Ile taa ilikaa humo, walisema, iliwatazama wakiwa uchi, inajua majina ya watoto wao. Waliona ni afadhali kuzalia msituni. Mama Joséphine-Marie aliwafuata nyumba kwa nyumba, wakamfungia milango.

Mamy, jirani yangu, alishikwa na uchungu akiwa njiani kutoka shambani. Maternite ilikuwa mbele yake, angeweza kugusa ukuta wake. Aliizunguka, akaingia kwenye mihogo, na mtoto alikaa vibaya. Mama Joséphine-Marie alimkuta damu imelowesha mistari miwili ya matuta. Mtoto alikuwa amekufa nusu ametoka, na Mamy akafia mikononi mwake.

Mkunga alikuja kwangu moja kwa moja na mikono ile ile. Alinipiga kofi nikaona nyota, akanipiga la pili.

"Mamy alikufa sababu ya kinywa yako," alisema. "Bwana yako alitengeneza hii kitu ili tusikufe mu giza. Wewe uliigeuza nini, Falone?"

"Nikisema ukweli watakuja kumufukua."

"Najua," alisema, akaketi kizingitini akalia. "Najua, mutoto wangu."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, niliweka meza mbele ya mlango na lile kopo juu yake. Nilifunga betri ya pikipiki, taa ikaanza kukonyeza, watu wakakimbia. Mama Joséphine-Marie aliwarudisha kwa fimbo. Nikafungua kopo. Niliwaonyesha wale wanawake wawili na kinu chao. Niliwaonyesha umeme unakoingia na unakorudi. Nilivuta waya mmoja, ikazima, nikaugusisha, ikawaka. Nikamwita kila mwanamke mwenye mimba aje avute waya kwa mkono wake, na walipokataa niliwatukana mpaka wakaja.

"Haiite droni," niliwaambia. "Haijawahi kuita. Niliwadanganya watu wenye bunduki ili wanizikie bwana yangu, na nitadanganya nani tena, Mamy amekufa."

Mzee mmoja wa ukoo wetu alitema mate, akaondoka kwa njia ya msituni, na nilijua anakwenda kwa nani.

Prince alifika na watu wake kabla juma halijaisha. Walinipiga kwa mikanda ya risasi, na Prince akaulaza mkono wangu juu ya lile lile jiwe la kusagia. Kisha walinishika nywele, wakanipeleka nyuma ya migomba, wakanilazimisha nitazame. Walimfukua Kabera. Sitaeleza alikuwaje. Walimburuta kwa kamba nyuma ya pikipiki mpaka barabarani, wakamwacha kwenye mtaro wa maji machafu.

"Fasi yake njo hapa," Prince alisema, akawasha pikipiki.

Nilikaa naye mtaroni nikifukuza mbwa kwa mkono uliobaki. Hakuna mwanaume aliyetoka nyumbani. Nilijaribu kuchimba kwa mkono mmoja, udongo ukinicheka. Mama Joséphine-Marie ndiye aliyekuja kwanza, kitenge kimefungwa kiunoni kwa kazi. Nyuma yake alikuja mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kisha wengine, kila mmoja na jembe lake la shamba. Hawakuniuliza azikwe wapi. Walimfunga kwenye vitenge vyao, wakamnyanyua, wakampeleka nyuma ya maternite, chini ya dirisha la chumba cha kuzalia, kwenye ardhi isiyo ya ukoo wowote.

Tulikuwa tunafukia niliposikia mwanamke ndani akianza kulia kwa uchungu, wa kwanza tangu Mamy. Mkunga alitupa jembe akakimbia. Nikatazama dirishani. Mkunga alikuwa ameirudisha taa ukutani, na ilikuwa inakonyeza.

Niliingia na udongo wa kaburi miguuni. Kwenye waya, wakati tunamzika mume wangu, mtu alikuwa amechomeka telefone. Niliichomoa, nikaitupa nje kwa mlango.